Kupanga safari ya msafara wa magari ya spoti magharibi mwa Uganda

Wengi wenye magari ya spoti hapa Kampala huyatoa Jumapili asubuhi kwenye barabara ya mwendo kasi ya Entebbe. Wanalipa shilingi 5,000 pale getini, wanafika ziwani, wanarudi. Barabara ile ni nzuri, lakini imenyooka na inaisha upesi. Gari lililotengenezwa kwa ajili ya kona linataka kona, na kona tamu za Uganda ziko magharibi: kupanda kutoka Kabale kwenda Kisoro, kushuka Kichwamba huku mbuga ya Queen Elizabeth ikiwa imetandazwa chini yako, kuzunguka ncha ya Rwenzori kutoka Fort Portal hadi bonde la Semliki. Kote huko ni lami.

Mwongozo huu ni wa safari ya siku tano, karibu kilomita 1,300, kutoka Kampala na kurudi Kampala. Kanuni inayoubeba ni moja tu: panga safari kwa gari lililo chini kuliko yote na kwa dereva mwenye uzoefu mdogo kuliko wote. Njia, mwendo, hoteli, hata mahali pa kula, vyote vipitie hapo kwanza. Msafara uliopangwa kwa ajili ya dereva hodari mwenye gari kali huishia gereji, au pabaya zaidi.

Hatua ya 1: Anza na watu

Magari matano hadi manane yanatosha. Yakizidi hapo, kituo kimoja cha mafuta kinawala nusu saa, hoteli ndogo inakosa maegesho, na lori lililo mbele mnalipita mmoja mmoja mpaka wa nyuma anachoka kungoja na kulipita mahali pabaya. Mkiwa kumi na wawili, gawanyikeni makundi mawili yanayoachana dakika ishirini, kila kundi na kiongozi wake.

Kutaneni wiki tatu kabla ya safari, na kila mtu aje na gari atakaloendesha. Jaza tanki, weka mizigo, abiria akae ndani, halafu piga magoti na rula mkononi. Pima kutoka ardhini hadi sehemu iliyo chini kabisa. Watu hupima bampa la mbele wakadhani wamemaliza, kumbe kinachogusa tuta mara nyingi ni bomba la ekzosi katikati au kinga ya sampu, lile bakuli la oili chini ya injini. Andika sentimita za kila gari kwenye karatasi moja. Gari lenye sentimita 13 litapita Uganda nzima ya lami bila shida. Lenye 10 litapita kwa adabu. Lililokatwa springi likabaki na 8, mwambie mwenyewe mapema arudishe springi za kiwandani au aje na gari jingine, maana kila mji wa barabarani una matuta, na mengine yalijengwa bila kipimo.

Muulize pia kila dereva, kwa upole lakini bila kuzunguka: umewahi kuendesha mlimani kwenye mvua? Umewahi kulipita lori la tenka kwenye barabara ya njia mbili? Mwenye nguvu nyingi chini ya boneti na safari chache ndefu ndiye wa kutunzwa kuliko wote. Nafasi yake ni ya pili, nyuma ya kiongozi, ambapo anauona mwendo na breki za aliye mbele na kuzifuata. Ukimweka mwisho, atakuwa anakimbiza wenzake siku nzima.

Na lisemwe siku hiyo hiyo: haya si mashindano. Anayetaka kushindana ana mahali pake Uganda. Vilabu vilivyo chini ya FMU, shirikisho la mbio za magari Uganda, huandaa mbio, na Pearl of Africa Rally ni sehemu ya ubingwa wa Afrika, barabara zikiwa zimefungwa na madaktari wako tayari. Kwenye barabara ya umma kuna mtoto anayerudi shule na mama mwenye mkungu wa matoke kwenye baiskeli.

Hatua ya 2: Chora njia, siku kwa siku

Siku ya kwanza ni Kampala hadi Mbarara, kama kilomita 270. Ondokeni Busega saa kumi na mbili asubuhi, kabla foleni haijaamka. Kati ya Busega na Mpigi barabara mpya ya mwendo kasi imekuwa ikijengwa kwa miaka, kwa hiyo tegemeeni vumbi, michepuko na malori ya kokoto. Baada ya hapo pumzi inarudi. Mpambire mtawaona mafundi wa ngoma kando ya barabara, ngozi zimeanikwa juani. Kayabwe ndipo ulipo mstari wa ikweta, na ndipo mahali pa kusimama kwanza: kuna nafasi ya kuegesha, kahawa na vyoo safi, na kila mtu anapata picha yake. Msisimame kiholela barabarani hapo, mabasi ya Masaka hayana subira.

Mbele ni kinamasi cha Lwera na mto Katonga. Mei 2023 mafuriko yaliharibu daraja la Katonga na barabara ikakatika, magari yakalazimika kuzunguka kwa Kanoni na Sembabule. Ndiyo maana kila siku ya safari inahitaji njia ya pili iliyoandikwa. Kama njia hiyo ya pili ni ya murram na msafara una gari la sentimita 10, jibu ni kulala mlipo au kurudi, na liamuliwe kabla ya safari. Lukaya kuna nyama ya mishikaki na gonja za kuchoma. Kuleni mkiwa mmeegesha mbali na lami, siyo kwa kupokea dirishani.

Ndugu wanaotoka Bukoba na Mwanza waingilie Mutukula, wapite Kyotera na kuusubiri msafara Masaka. Wa Kigali waingilie Katuna na kukutana nasi Kabale siku inayofuata. Wakumbuke tu kwamba kwao wanaendesha kulia na huku ni kushoto, na dereva akichoka mkono hurudi kwenye mazoea. Wa Nairobi waje Kampala siku moja kabla na walale, wasiunganishe Malaba na Mbarara kwa siku moja.

Baada ya Masaka barabara inafunguka na inashawishi. Kikomo ni kilomita 100 kwa saa nje ya miji na 50 ndani ya miji, na penye kibao cha chini ya hapo, kibao ndicho sheria. Kuanzia Lyantonde ni nchi ya ng'ombe wa Ankole. Pembe zao zinaonekana juu ya nyasi kabla hujamwona ng'ombe mwenyewe, na akivuka mmoja wanavuka wote. Acha haraka, subiri, mpungie mchungaji mkono. Lala Mbarara.

Siku ya pili ndiyo safari yenyewe ilipo. Mbarara hadi Kabale ni kama kilomita 140, na ukiondoka saa moja asubuhi unafika Kabale saa nne, ukungu ukiwa umeanza kuondoka mabondeni. Hilo si jambo dogo: Kabale asubuhi na mapema unaweza usione taa za gari lililo mbele yako. Nyweni chai, shusheni mizigo hotelini ili magari yawe mepesi, kisha mpande Kisoro, karibu kilomita 80 kwenda. Barabara inafuata migongo ya vilima vilivyolimwa matuta kwa matuta hadi juu, inapita msitu wa mianzi wa Echuya kwenye zaidi ya mita 2,200, halafu pale Kanaba ardhi inaachia ghafla na unaiona tambarare ya Kisoro na volkano zake, Muhavura yenye mita 4,127, Gahinga na Sabinyo. Hapo simameni. Kuna mahali pa kutoka kabisa barabarani. Kama pamejaa, endeleeni na msimame wakati wa kurudi, kwa sababu kusimama kwenye kona ya mlima ni kumwekea mtego dereva wa lori anayeshuka na mzigo.

Barabara hii haitaki kasi. Kilomita 60 kwa saa, gia ya tatu, dirisha wazi, injini inavuta sawasawa kutoka kona moja hadi nyingine: ndiyo raha yake. Chakula cha mchana Kisoro, na saa kumi jioni muwe mmerudi Kabale. Ziwa Bunyonyi liko karibu, na kama kuna gari la chini mno, kodini gari la hoteli liwateremshe badala ya kubahatisha na vumbi.

Siku ya tatu, watu wengi hurudi hadi Mbarara ndipo washike njia ya Kasese. Hakuna haja. Kutoka Kabale rudini Ntungamo, shikeni njia ya Rukungiri mpaka Kagamba, kisha kata kulia kwa lami hadi Ishaka. Mnaokoa mafuta na mnapita vilima vya migomba ambavyo barabara kuu haina. Ishaka jazeni mafuta. Baada ya Rubirizi mnaingia eneo la maziwa ya volkano ya Bunyaruguru, na mwisho wake ni ukingo wa Kichwamba, ambapo Bonde la Ufa linafunguka chini yenu. Laleni huko juu. Hoteli za ukingoni zina mandhari ambayo hamtaipata mjini, ila nyingi ziko mwisho wa njia ya udongo. Kabla ya kulipa, mwombe meneja akupigie picha ya njia hiyo kutoka lami hadi maegesho, na picha ya mteremko wa getini. Mita mia tatu za korongo zinatosha kung'oa bampa la mbele.

Siku ya nne mnateremka Kichwamba asubuhi mkiwa na breki baridi, mnavuka mfereji wa Kazinga kwenye daraja la Katunguru, na mnapita ndani ya hifadhi kwa barabara ya umma. Tembo huvuka hapa mchana kweupe. Akiwa karibu na lami, simameni mbali, injini ikinguruma taratibu, hakuna kubonyeza honi wala kupandisha mzunguko ili video itoke nzuri. Njia za ndani ya hifadhi za kuangalia wanyama achaneni nazo. Mkitaka simba, kodini gari refu la watalii Katunguru au hotelini. Kikorongo mnavuka ikweta tena, safari hii kurudi kaskazini. Kasese ni joto, iko chini, na Rwenzori inasimama kushoto kwenu. Kilele chake cha Margherita kina mita 5,109 lakini mawingu huuficha siku nyingi. Kutoka Kasese hadi Fort Portal ni kilomita 75 hivi.

Mkifika Fort Portal kabla ya saa saba mchana na hakuna mvua, msilale. Barabara ya Bundibugyo inaanzia hapo, inazunguka mwisho wa kaskazini wa Rwenzori na kushuka hadi bonde la Semliki, tofauti ya mita 800 hivi kutoka juu hadi chini. Ukiniuliza barabara moja tu ya kuendesha Uganda, nitakutajia hii. Lami pana, kona ndefu zinazosomeka, msitu upande mmoja na Congo upande wa pili ng'ambo ya bonde. Nendeni hadi chemchemi za moto za Sempaya, mrudi. Kama imenyesha usiku, ulizeni kwanza mjini, kwa sababu maporomoko ya udongo hufunga njia hii.

Siku ya tano ni kurudi Kampala kwa Kyenjojo, Mubende na Mityana, kama kilomita 300. Mashamba ya chai ya Kyenjojo yanapendeza. Baada ya hapo ni barabara ya kufika nyumbani.

Wa mashariki wana yao: Mbale hadi Sipi na Kapchorwa kwenye ubavu wa mlima Elgon, au Muyembe hadi Nakapiripirit na Moroto, ambako Karamoja imepata lami na barabara ni tupu kuliko popote nchini. Hizo zinataka mpango wake.

Hatua ya 3: Hakikisha hali ya barabara wiki hiyo

Ramani ya simu haijui shimo lililochimbwa na mvua ya juzi. Nenda stendi ya mabasi ya Kisenyi, mtafute dereva wa basi la Kabale au la Kasese aliyetoka safari, mnunulie chai. "Mzee, shikamoo. Barabara ya Mityana ikoje siku hizi?" Atakutajia mashimo kwa jina la kijiji, na upande wa barabara. Andika. Tangu UNRA, mamlaka ya barabara kuu, ivunjwe na kazi yake kurudi Wizara ya Ujenzi na Uchukuzi, matangazo ya barabara zilizofungwa hutoka wizarani, kwa hiyo yafuate pia.

Kama mmoja wenu anaweza kuipita njia wiki moja kabla kwa gari la kawaida, hakuna pesa itakayokuwa imetumika vizuri zaidi ya hiyo.

Hatua ya 4: Chagua msimu na saa

Mvua kubwa ni Machi hadi Mei na Septemba hadi Novemba. Chagua Juni hadi Agosti, au Januari na Februari. Desemba ni kavu lakini wiki ya Krismasi Kampala nzima inahamia magharibi. Mwisho wa Mei hadi Juni 3 epuka pia: mahujaji wa Namugongo hutembea kwa miguu kwa mamia ya kilomita kando ya barabara hizi hizi, na wanastahili barabara yao.

Jua huzama karibu saa moja jioni na giza halichelewi. Sheria ya msafara iwe: saa kumi na moja jioni kila gari limeegeshwa. Usiku barabarani kuna malori yasiyo na taa za nyuma, lori lililoharibika likiwekewa matawi ya miti badala ya pembetatu, na kiboko anayetoka majini kwenda malishoni.

Hatua ya 5: Andaa magari

Breki kwanza. Oili ya breki hunyonya unyevu kadiri miaka inavyopita, na ikiwa ya zamani huchemka kwenye mteremko mrefu, kanyagio likazama bila kushika kitu. Kama imepita miaka miwili, ibadilishwe. Pedi ziwe zimebaki zaidi ya nusu. Kushuka Kichwamba utayaona yote haya yakithibitika: anayeshuka kwa gia kubwa akikanyaga breki mfululizo, ukipita karibu naye unasikia ile harufu kali ya kuungua, na rimu zake ukizisogelea chini mkono unakataa. Anayeshusha gia hadi ya pili au ya tatu akaiacha injini imshike, anakanyaga breki kwa kifupi kabla ya kona na kuachia, anafika chini breki zake zikiwa tayari kwa kazi nyingine. Gari la otomatiki liwekwe kwenye gia za mkono.

Tairi zinafuata. Soma tarakimu nne zilizo ubavuni: 2319 maana yake wiki ya 23 ya mwaka 2019. Tairi iliyozidi miaka sita, hata kama kashata zimebaki, isiende mlimani. Upepo upimwe asubuhi kabla ya kuondoka, tairi zikiwa baridi, na usipunguzwe mchana kwa sababu tu presha imepanda na joto. Tairi nyembamba za spoti hupasuka ubavu zikigonga shimo, na ubavu hauzibwi. Magari mengi ya spoti hayana tairi ya akiba kabisa, yana dawa ya kupuliza na kompresa. Kwa hiyo angalieni nani anaweza kuazimana rimu na nani. Subaru WRX za zamani zina nati tano kwenye duara la milimita 100 (5x100), STI za kuanzia 2005 zina duara la milimita 114.3 (5x114.3), zinafanana kwa macho lakini rimu ya moja haiingii kwa nyingine. Kila kundi la magari yanayofanana libebe angalau tairi moja kamili kwenye gari lenye nafasi.

Rejeta isivuje, feni ifanye kazi, mikanda isiwe na nyufa. Kampala iko kama mita 1,200 juu ya bahari, Kabale inakaribia 2,000. Injini isiyo na tabo hupoteza kama asilimia 10 ya nguvu kwa kila mita 1,000 unazopanda, kwa hiyo nafasi iliyokutosha kulipita lori Masaka haitakutosha Kanaba. Mwambie mwenye Mazda MX-5, isiyo na tabo, hilo kabla halijamkuta.

Kila gari: pembetatu mbili, kizimamoto, boksi la huduma ya kwanza, tochi, fulana ya kuakisi mwanga, kamba ya kuvutia na kile chuma cha kufungia kamba kinachochomekwa kwenye bampa. Hicho chuma watu hukisahau nyumbani, na bila hicho hakuna pa kufunga.

Hatua ya 6: Karatasi na pesa

Leseni, bima, na faini za barabarani zilizolipwa. Angalia namba ya gari lako kwenye mfumo wa faini kabla hujaangaliwa kwenye kizuizi. Bima ya mtu wa tatu ni ya lazima kisheria, ila kwa gari la aina hii mlimani ningesisitiza bima kubwa. Piga simu uulize kama inahusu safari ya msafara.

Wageni waje na kadi ya gari, barua ya idhini kama gari si la jina lao, kadi ya njano ya COMESA (bima ya gari ya kuvukia mipaka), ambayo Tanzania pia imo, na kibali cha muda cha gari kinachotolewa mpakani na URA, mamlaka ya mapato. Wakenya na Wanyarwanda wanaweza kuvuka kwa kitambulisho cha taifa. Watanzania waje na pasipoti. Droni isibebwe bila kibali, na redio za mawasiliano zinahitaji ruhusa ya UCC, tume ya mawasiliano.

Hesabu ya mafuta iko hivi: gari linalokunywa lita 12 kwa kilomita 100 litahitaji kama lita 156 kwa safari nzima. Zidisha kwa bei ya siku hiyo, ongeza moja ya kumi kwa ajili ya milima. Jazeni tanki likifika nusu, wote pamoja, kwenye vituo vyenye wateja wengi, kwa sababu mafuta yaliyokaa chini ya ardhi muda mrefu hukusanya maji. Gari la tabo linalotaka petroli ya daraja la juu lijaze Kampala, Masaka, Mbarara na Fort Portal. Chagueni mweka hazina mmoja. Kila mtu amtumie fungu la hoteli na chakula kwa simu wiki mbili kabla. Asiyetuma hajathibitisha.

Hatua ya 7: Sheria za barabarani

Gari la kiongozi liwe na mtu anayejua njia, na la mwisho liwe na dereva hodari kuliko wote pamoja na vifaa. Huyo wa mwisho hapiti mtu hata iweje. Kati yenu, sekunde tatu kila mmoja kwenye tambarare, zaidi kwenye mvua, na nafasi ya kutosha ili basi linalowapita lipate pa kuingia.

Kwenye njia panda kama Ntungamo, Kagamba na Ishaka, gari la tatu linasimama pembeni salama na kuwaonyesha wengine pa kukata, mpaka la mwisho lipite. Hivyo hakuna anayelazimika kukimbia ili asipotee, na hakuna anayeangalia simu akiendesha. Simu ashike abiria.

Kila mtu analipita lori kwa macho yake mwenyewe. Wa mbele akipita salama haimaanishi na wewe utapita. Sekunde kumi baadaye barabara ni nyingine. Ishara ya mkono ya "njoo" kutoka kwa mwenzako usiifuate.

Tuta likiwa kubwa, punguza hadi mwendo wa kutembea, mshushe abiria kama ni lazima, kisha lipande kwa mshazari: gurudumu moja la mbele kwanza, lishuke, ndipo la pili. Kwanza angalia kioo, bodaboda hupita upande wowote uliouacha wazi. Wa mbele ndani ya mji awashe taa za tahadhari mara mbili akiona tuta lisilo na alama.

Kwenye kizuizi cha polisi, zimeni muziki, teremsheni vioo, salimieni. "Afande, habari za kazi?" Kiongozi aeleze magari ni mangapi, yanatoka wapi na yanalala wapi. Mkiwa wengi, kupeleka taarifa kwa polisi wa usalama barabarani mapema kunarahisisha. Asubuhi hotelini na mbele ya hospitali, misikiti na makanisa, injini zipite kimya.

Hatua ya 8: Gari likikataa

Wote msisimame. Linasimama lililoharibika, la mwisho, na moja la kusaidia. Wengine waendelee hadi mji unaofuata na kungoja kwenye kituo cha mafuta. Pembetatu iwekwe mbali, kabla ya kona, na watu wote watoke ndani ya gari wakae upande wa mlima. Namba za dharura za polisi ni 999 au 112.

Mafundi wa Mbarara na Kasese wanajua Subaru na Toyota vizuri. BMW au Porsche yenye tatizo la umeme isiguswe na mtu asiye na kompyuta yake. Ifungwe na kubebwa. Kabla ya kuondoka Kampala muwe na namba za magari mawili ya kubebea yenye kitanda bapa, moja la Kampala na moja la magharibi, na bei mmekubaliana kwa kilomita. Gari linalosukuma magurudumu manne lisivutwe mawili yakiwa chini, litaharibu gia na difu. Na dereva wa gari la kubebea aje na mbao mbili ndefu, kwa sababu pua ya gari la spoti haipandi kitanda hicho bila mbao.